Cheche Iliyowahi

Kibondo,
11 Agosti 2023

Mjomba Hashimu,

Shikamoo. Natumaini hapo Kasulu wote wazima, na kile kifua chako kimetulia. Sisi huku tunashukuru. Mama anakusalimu, presha imeshuka na jana alikwenda shamba mwenyewe.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu hupokei. Nimempa kondakta wa basi la asubuhi, ameahidi kukufikishia mkononi gereji.

Mjomba, tangu mashindano ya Nane Nane sitaki kutoka nje. Injini kunizimikia mlimani nikiwa wa kwanza ningeweza kuvumilia, kila mpanda pikipiki hukutana na siku hiyo. Lakini wewe ulikwenda ukashika kipaza sauti cha mtangazaji, ukauambia uwanja mzima: "Injini nimeifunga kwa mikono yangu, haina kosa. Kosa ni kumpa pikipiki msichana anayesokota mafuta kama anasonga ugali." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sasa hivi nikipita sokoni vijana wananiita Ugali. Mama alikuwepo pale, Mjomba. Alifunika uso kwa mtandio.

Nataka ujue nilichokisikia. Nilipofungua mafuta yote kupanda kile kilima, injini ilianza kugonga, kama kijiko kinapigwa kwenye sufuria tupu. Nguvu zikapungua, kisha ikazima. Khatibu, kwa kuwa pikipiki ni yake, ameifungua. Pistoni ina tundu katikati.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba cheche ikiwa dhaifu moto unachelewa kushika, kwa hiyo fundi anautanguliza, plagi inapiga mapema kabla pistoni haijafika juu. Safari hii umefunga ile koili mpya kutoka Tanga, yenye cheche kali. Moto wake unashika mara moja. Je, taiming, ule wakati wa plagi kupiga, uliirudisha nyuma, au uliiacha palepale pa koili ya zamani? Kama uliiacha, basi moto ulikuwa unawahi, unaipiga pistoni kichwani wakati bado inapanda.

Nauliza tu. Nijibu, tafadhali.

Mpwa wako,
Faudhia


Kasulu,
19 Agosti 2023

Mwanangu Faudhia,

Marahaba. Barua imefika, na kifua sasa hakinisumbui, alhamdulillahi. Mwambie mama yako apunguze chumvi.

Nimesoma maneno yako. Mimi nilianza kufunga injini kabla mama yako hajaolewa. Taiming ile imeshinda Kigoma, imeshinda Kakonko, na hakuna aliyewahi kuilalamikia. Koili kali ni faida, inachoma mafuta yote bila kubakiza. Tangu lini faida ikatoboa pistoni? Pistoni inatobolewa na mtu anayeng'ang'ania gia kubwa mlimani.

Kuhusu yale ya kipaza sauti, watu walicheka, wakaenda kula, yamekwisha. Usiyabebe.

Khatibu ameona pikipiki ampe Sylvesta, kijana wa Makere, yule mtoto wa Maximilla. Iko hapa gereji, nimeifungia pistoni mpya. Koili ni ileile na taiming ni ileile. Mwisho wa Septemba wanashindana hapa Kasulu, na hapo ndipo tutajua kosa lilikuwa la nani.

Mjomba wako,
Hashimu


Kibondo,
25 Agosti 2023

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Pikipiki sikuombi tena. Nimekwenda kwa Khatibu kumweleza habari ya taiming, akaniambia nina wivu, tena mbele ya wateja wake. Nikarudi nyumbani. Kwa hiyo wa kumwambia umebaki wewe peke yako.

Legeza zile skrubu mbili, rudisha kisahani cha taiming nyuma kidogo, halafu mtu aipandishe kilimani huku wewe umesimama pembeni unasikiliza. Ikigonga, rudisha tena. Ni kazi ya muda mfupi. Hakuna atakayejua kama ni mimi niliyesema, na mimi sitamwambia mtu.

Mimi injini ilinizimikia nikiwa nakwenda juu, ndiyo maana nimebaki mzima. Ikimkamata Sylvesta, pistoni ikakwama wakati anateremka, tairi la nyuma litajifunga. Mama yake ana huyo mmoja tu.

Kama huwezi kufanya kwa ajili yangu, fanya kwa ajili yao.

Faudhia


Kasulu,
4 Oktoba 2023

Mwanangu Faudhia,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Sijui kama nina haki ya kuuliza hali zenu, lakini nauliza.

Bila shaka habari imeshafika Kibondo. Nakuandikia mimi mwenyewe ili usiisikie kwa watu peke yao. Sylvesta alikuwa anaongoza. Alipanda kilima vizuri, akawaacha wenzake mbali, na mimi nikawageukia watu nikawaambia, "Mmeona?" Kisha akaanza kuteremka. Injini ikakamata. Tairi la nyuma lilijifunga kama ulivyoandika, akarushwa mpaka kwenye mtaro. Paja limevunjika na goti limeumia vibaya. Daktari amesema ataishi, ila goti halitakunjika kama zamani.

Jioni ile niliifungua injini. Pistoni imeyeyuka ukingoni na kung'ang'ania ndani ya silinda. Kwenye plagi kulikuwa na chembe za alumini ya pistoni zimeganda kama mchanga. Nikapima taiming. Moto ulikuwa unawahi. Ni yale yale uliyoniambia.

Kuna jambo moja zaidi, na nikiliacha nitakuwa nimekudanganya. Barua yako ya pili niliipata. Niliisoma nikaielewa. Nilishika bisibisi, nikachuchumaa, nikalegeza skrubu ya kwanza. Wakaingia mafundi wa gereji ya jirani kuomba spana, mmoja akaniuliza, "Vipi, unarekebisha ya Ugali?" Wakacheka. Nami nikacheka nao, nikaikaza skrubu ile, nikasimama. Sikuigusa tena.

Sasa ninashinda hapa hospitali. Maximilla ananiletea chakula. Kila asubuhi ananiamkia kwa Kiha, "Mwakeye fundi, Mungu akubariki, wengine wote wamemkimbia mwanangu." Nakula chakula cha yule mama, Faudhia. Nakula kwa sababu nikikikataa ataniuliza kwa nini.

Nisamehe kama utaweza. Usipoweza nitaelewa.

Mjomba wako,
Hashimu


Kibondo,
10 Oktoba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimu. Amelia sana.

Jumapili nilikuja Kasulu. Nilipita mbele ya gereji yako na sikusimama. Nilikwenda hospitali moja kwa moja, wewe ulikuwa umetoka kuswali adhuhuri.

Kwanza nikuambie langu. Habari ya ajali iliponifikia, nilifurahi. Ilikuwa kitambo cha kumeza mate tu, lakini nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa wataona. Halafu nikakumbuka kwamba aliyelala pale ni mtu. Tangu siku hiyo chakula hakina ladha, kwa hiyo usidhani aibu hii unaibeba peke yako.

Nilikaa na Sylvesta. Nikamwambia, "Mimi injini ilinigongea mlimani kabla haijazima." Akaangalia dari. Kisha akasema, "Na mimi niliisikia ikigonga. Tangu siku ya kwanza ya mazoezi."

Nikamuuliza, "Mbona hukumwambia Mjomba?"

Akasema, "Ningemwambiaje, dada? Wewe ilikuzimikia, lawama ukapewa wewe, ukaitwa Ugali. Mimi nilitaka niitwe mpanda pikipiki."

Mjomba, taiming mtu anaweza kuikosea. Lakini yule kijana alijua, akapanda akiwa anajua, kwa sababu aliogopa kuchekwa kama nilivyochekwa mimi.

Maximilla bado hajui. Alinisimulia wema wako, nikainamisha kichwa. Mimi sitamwambia. Ni wewe.

Faudhia


Kasulu,
18 Oktoba 2023

Mwanangu Faudhia,

Assalaam aleykum. Mimi mzima.

Nimemwambia. Nilikwenda juzi baada ya alasiri, nikamkuta kando ya kitanda anamnyoa Sylvesta. Nilimweleza mambo ya cheche na taiming kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza. Nikamweleza habari ya barua yako, na ile skrubu niliyoilegeza nikaikaza tena. Sylvesta alifumba macho muda wote ule.

Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alikung'uta wembe, akauliza, "Huyo binti aliandika maneno gani juu ya mwanangu?" Nikamrudishia yote, mpaka pale uliposema ana huyo mmoja tu. Akasema, "Kumbe kulikuwa na mtu aliyemfikiria."

Kisha akaniomba nisiende tena pale mpaka Sylvesta atakapotembea. Alisema kwa upole, kama mtu anavyomsindikiza mgeni mlangoni. Nikaitikia, nikatoka.

Wewe anataka uende. Amesema Jumapili, ukija, upitie kwake Makere kwanza, atakupikia.

Mjomba wako,
Hashimu