Tumeuvua Mkanda Mti wa Zuhura

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba sitaisikia, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila kukuamkia. Miaka miwili bila wewe haijanifunza desturi nyingine. Nimekaa kwenye gogo kando ya kisima, mikono inauma hata kalamu naishika kwa shida. Asubuhi ya leo tumeuvua mkanda mti wa Zuhura. Nimeona nikwambie mimi mwenyewe.

Ndiyo, ule ule ulioniambia usiguswe.

Usinikasirikie kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, kama nilivyokuwa nakusikiliza mimi ulipokuwa unanieleza habari za kitalu, jambo moja mara kumi, na mara ya kumi nikijifanya ndiyo kwanza nasikia.

Mama husimulia mpaka leo jinsi bibi alivyokugombeza. Watoto wote wa hapa Moa vitovu vyao vilifukiwa chini ya miche ya minazi, tangu huko nyuma. Wewe ukaja na mkaratusi. Ulikuwa kibarua wa kitalu kwenye shamba la mkonge, miche imebaki kwenye viriba, na mkaratusi wakati ule ndiyo maendeleo: unakua upesi, unatoa nguzo, unatoa kuni. Bibi akasema kitovu cha mjukuu wake hakifukiwi chini ya nguzo ya simu. Hukumsikia. Wangu ukaupanda kwenye njia ya kwenda kisimani, wa mdogo wangu Salehe ukaupanda upande wa banda la kuku. Alipozaliwa Zuhura, kitinda mimba wetu, wake ukaupanda hatua tatu tu kutoka kisimani, upate maji bila taabu. Ukayapata kweli.

Zuhura alikaa miaka mitatu, surua ikamchukua. Nakumbuka ulivyokuwa unavuta matawi ya mti wake mwenyewe, unachemsha majani na kumfukiza chini ya blanketi, mimi nimeshika pindo na harufu ile inanitoa machozi. Baada ya msiba mti ule haukukatwa hata tawi. Asubuhi ukipita unaugusa kwa kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa. Ulidhani hatukuoni. Tulikuwa tunakuona, baba, sote, na hakuna aliyekutania kwa hilo hata siku moja, ingawa kwa mengine tulikutania sana.

Na wewe mwenyewe ulikuja kujua mkaratusi unavyokunywa. Uzeeni ulikuwa unazunguka kuwaambia watu wasiupande karibu na visima vyao, kisha unarudi kwako kupunga upepo chini ya mitatu yako. Lile fundo ulilofunga kwenye kamba ya ndoo miaka ile kisima kilipochimbwa, lenye kitambaa chekundu, nalishika kila siku. Ulitufundisha kwamba ndoo ikigusa maji, fundo linakuwa mkononi mwa mtekaji. Ulipougua, ndoo ikawa haigusi mpaka fundo limezama ndani ya kisima mkono mzima. Nikakwambia. Ukasema ni ukame tu. Nikanyamaza, maana nilikuwa nimekuja kukuuguza wiki mbili na ulikuwa mwaka wa tatu, na sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu anayelishwa uji.

Halafu ile Jumanne ukanishika mkono ukasema, "Hamisa, ile miwili fanyeni mtakavyo. Wa Zuhura niachieni." Nikasema, "Naam, baba." Ijumaa tukakuzika makaburini, ubavuni pa Zuhura.

Arobaini ilipopita Salehe akaja kutoka kwake Nguvumali na msumeno wa injini wa kuazima. Unamjua mwanao, kazi kwake ni ile inayokwisha kabla ya chakula cha mchana. Mti wake akaulaza asubuhi moja, ukaenda na nusu ya banda la kuku. Kisha akataka kumwaga dawa kwenye kisiki kisichipue. Nikamwambia dawa haimwagwi hatua chache kutoka kwenye maji tunayokunywa. Tukagombana kidogo, akaondoka kwa bodaboda amenuna, akarudi jioni na gunia la chumvi ya mawe kutoka kwenye mashamba ya chumvi. "Dada, hii si sumu. Hii tunaila." Akatoboa kisiki matundu, akajaza, akafukia kiasi kilichobaki kuzunguka mizizi. Mimi nikaona sawa. Sitamtupia yeye peke yake lawama. Niliona sawa kabisa, nikamshukuru na kumpa kuku mmoja wa wale walionusurika.

Mvua za vuli zikaja kwa fujo. Mchicha wa mama ukakauka upande mmoja. Chai ikaanza kuwa na ladha ambayo kila mtu aliisingizia sufuria. Mama presha ikampanda, tukaenda zahanati, muuguzi akamuuliza kama anakula chumvi, mama akaapa kwamba ana miezi hajaionja hata kwenye mchuzi. Nilikuwa nimekaa pembeni yake na chupa ya maji yetu mapajani, ya kumezea vidonge. Nikanywa funda moja kwa makini. Baba, nilitaka ardhi inimeze. Mama alikuwa anaacha chumvi mezani na sisi tunamtekea kisimani.

Nilichimba udongo ule wote kuzunguka kisiki, ndoo baada ya ndoo, nikaubeba kichwani mpaka ufukweni na kuumwaga baharini, ilikotoka chumvi yenyewe. Siku nne. Kisima tukakikausha mara tatu, na kwa miezi miwili maji ya mama niliyachota kwenye kisima cha mbali. Na kile kisiki? Kilichipua. Machipukizi mazuri, yamenona. Salehe alipoyaona alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka, kicheko cha watu waliochoka.

Ndipo nikarudi kwenye njia yako, ambayo ningeanza nayo kama ningekuwa na akili. Ulinifundisha kule kitaluni nikiwa msichana, nimekuletea chakula: ukitaka kuuondoa mti bila kuiudhi ardhi, uvue mkanda, kisha uvae subira. Mti wangu nikaufanya mwenyewe kwa kisu chako kifupi. Shibiri moja ya gome, kuzunguka pote, mpaka mti mweupe uonekane, kisha kuukwangua ule utelezi wote, maana ukibakiza hata uzi mmoja wa gome mti unajiunga tena. Hapo unaacha. Huumwagii kitu, huuchomi moto. Chini ya mkanda ukichipua, unayavunja machipukizi kwa mkono. Nilikuwa nayavunja kila Ijumaa asubuhi, ya kwangu na ya kisiki cha Salehe, ambacho nilikifunika pia kwa magunia na udongo. Wiki baada ya wiki. Nikifika Ijumaa nakuta mengine. Kuna siku niliyatukana kwa sauti, jirani akadhani nina mgeni.

Sikujua kwamba kuungoja mti ufe kungenirudisha kitandani kwako. Nitasema wazi, baba, sina wa kumwambia mwingine: ile miaka mitatu ilinichosha. Kuna alfajiri nilikugeuza ubavu nikatamani iishe. Siyo wewe uishe. Iishe. Kisha ilipoisha sikujua niamkie nini. Mti wangu ulipopukutisha jani la mwisho nilikaa chini yake nikalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi, na nilikuwa nakulilia wewe, si mti.

Ulipokauka vizuri tuliukata kuanzia juu, kipande kipande, kwa kamba, taratibu, hata kuku hawakushtuka. Mizizi tumeiacha humo humo ioze na kushika mchanga. Vigogo vimekuwa nguzo za banda jipya. Mahali pake nimepanda mbaazi, na zimeshika.

Lakini maji hayakurudi. Kiangazi hiki fundo lako lilizama kuliko mwaka jana, na maji yenyewe yakawa mazito. Nikamwita fundi wa visima ashuke aangalie. Alikaa chini muda mrefu, kisha akaniambia nivute ndoo. Haikuwa na tope. Ilijaa mizizi, myembamba, myekundu, imesukana kama nywele za mtoto asiyechanwa. Akapanda, akajifuta uso, akasema, "Dada, ukuta wote wa upande ule ni mizizi mitupu. Ule mti umekaa ndani ya kisima chenu." Akaonyesha kwa kidevu. Hakujua ni mti wa nani.

Niliifunga mizizi ile kwenye gunia nikaificha jikoni nyuma ya kuni. Wiki mbili sikusema. Mchana nafanya kazi, nikipita kisimani naangalia chini. Nilikuwa nimekwambia "Naam." Hilo ndilo neno la mwisho ulilolisikia kwangu likiwa na maana, mengine yalikuwa ni geuka, kunywa, pole. Na huku mama anakunywa maji yanayopungua, na jirani zetu wanne nao wanategemea kisima hicho hicho, na mimi ndiye ninayejua kwa nini.

Mama akaenda kutafuta kuni, akaliona gunia. Alikuja nalo uani, akalifungua, akaishika ile mizizi kwa muda. Nilidhani atalia. Akaniuliza tu, "Ya mti wake?" Nikaitikia kwa kichwa. Nikamweleza neno lako na langu, akasema alilisikia, alikuwa mlangoni siku ile. Kisha akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Zuhura alikuwa akipewa andazi, analimega. Hata kuku alikuwa anawapa. Huyu anayetunyima maji si mwanangu. Mwanangu yuko makaburini, na babake kalala pembeni yake. Babako alikuwa anaushika mti huu kwa kuwa kule kaburini alikuwa hawezi kwenda. Sasa keshakwenda."

Sikuwahi kulifikiri hilo. Miaka yote hiyo, baba, sikuwahi kukuona makaburini ila siku tunayomzika mtu. Nilidhani ni uvivu.

Basi leo asubuhi tumeamka, tumesoma Fatiha, yako na yake. Nikachukua kisu. Mama akasema, "Nipe mie. Nilimzaa, nianze mie." Mkono wake hauna nguvu siku hizi, nikaushika kwa juu, tukakata pamoja mkato wa kwanza. Gome la mti ule ni laini kuliko la wangu. Shibiri moja, kuzunguka. Mama alichoka upesi, akakaa hapa kwenye gogo na kuniambia nilipobakiza. "Hapo bado uzi. Na hapo." Alikuwa kama wewe kabisa. Nilikwangua mpaka mkono ukafa ganzi, na harufu ile ilipopanda, ile ya blanketi, mama alivuta leso yake akajifunika pua.

Kisha mama akachota udongo wa shinani, palipofukiwa kitovu, ngumi moja, akaufunga kwenye pindo la leso yake. Tumeufukia chini ya mche wa mnazi, kule mbali karibu na njia kuu, ambako hakuna kisima cha mtu. Bibi angefurahi na asingekosa la kusema.

Sasa mti umesimama hapa mbele yangu, wa kijani kabisa, majani yanacheza. Haujajua bado. Itachukua mwaka, pengine zaidi. Kila Ijumaa nitakuja kuuvunjia machipukizi, na mama ataketi kwenye gogo hili kunisimamia, akijaaliwa. Salehe nimemwambia asilete chochote, si chumvi wala msumeno, alete mikono tu. Amekubali. Tutaona.

Nimevunja neno langu kwako. Sikutafutii maneno ya kulipamba. Kama utanidai, utanidai tutakapokutana, nami nitajibu. Ila nakuomba radhi, baba, na nakuomba uniachilie hii miaka yako ya mwisho nisiibebe peke yangu.

Lala pembeni ya mwanao. Mshike yeye sasa, mti uachie.

Fundo lako sitalifungua kwenye kamba wala sitalisogeza. Siku ndoo itakapogusa maji nikiwa bado nimelishika mkononi, nitayabeba maji hayo ya kwanza mpaka makaburini, na nitakapofika nitayamwaga nusu kwako na nusu kwa Zuhura.

Mwanao,
Hamisa