Atupele Haendi Iringa Kuachishwa Ziwa

Jumamosi, jioni. Hapa Ilomba kumepoa tangu asubuhi, baridi ile ya Juni ya kuvaa masweta mawili, na mimi nimechemka. Acha niandike, maana nikifungua mdomo nitamtukana mtu.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Kila usiku, kabla sijalala, humnyanyua binti yangu Atupele akiwa usingizini nikamnyonyesha. Nataka kuacha mara hiyo moja tu. Ziwa la asubuhi atapata, la jioni atapata. Anakaribia mwaka, anakula uji wa ulezi na maparachichi kama mtu aliyetoka kulima. Mimi juzi nilisinzia darasani nimeshika chaki, Kidato cha Pili wakabaki wananitazama.

Kwa hiyo nampunguzia taratibu. Kila baada ya siku mbili tatu namtoa ziwani mapema kidogo, namrudisha kitandani kabla hajafumbua macho. Mchana nahakikisha ameshiba. Na ilikuwa inakwenda vizuri. Siku hizi anavuta kidogo tu, analegea, halafu kimya mpaka kunapambazuka.

Tatizo mume wangu ana simu.

Baba Atu, mwanamume ambaye tangu mtoto huyu azaliwe hajawahi kusikia kilio cha usiku, alipiga Iringa kumwarifu mama yake kwamba mjukuu anaachishwa ziwa. Ndivyo alivyoelewa. Nimemweleza mara ngapi, naye anaitikia huku macho yako kwenye mpira.

Na kwao mtoto anayeachishwa ziwa huchukuliwa na bibi, akae huko mpaka asahau. Basi jana mama mkwe akashuka stendi na kapu la maharage na kitenge kipya cha kumbebea mtoto. Hakuja kutusalimia. Alikuja kuchukua.

Tangu afike ananifundisha. Mtoto akisikia harufu ya mama yake hawezi kuacha, anasema. Wengine hupaka pilipili, wengine shubiri, yeye ananihurumia na kuniletea njia safi. Usiku kucha akawa anaingia chumbani kuangalia kama mtoto ameamka. Mwishowe akaamka kweli. Nani asingeamka akimulikwa tochi ya simu usoni? Asubuhi kwenye chai ikatangazwa kwamba njia yangu imeshindwa, na Baba Atu akatikisa kichwa kukubali, mdomo umejaa chapati niliyoipika mimi.

Nilishajiapiza kuwa na adabu. Nikauliza kwa upole kama Atu akikaa Iringa muda mrefu hatanisahau.

Mama akacheka. "Ndiyo dawa yenyewe hiyo, mwanangu. Huyu mumeo nilimpeleka kwa mama yangu, kule shamba. Nilipomfuata alinikimbia, akajificha nyuma ya bibi yake. Akaniita shangazi. Ziwa hata hakulikumbuka."

Alisimulia kama anayesifu mbolea.

Nikamtazama Baba Atu. Hakucheka. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia habari hiyo. Alimtazama mama yake kwa muda, akamtazama Atu aliyekuwa sakafuni anagonga sufuria, kisha akainamia simu yake. Nilisubiri aseme neno. Jasiri wangu huyo, akaanza kuangalia matokeo ya mechi.

Basi nikasema mimi. "Mama, Atupele haendi Iringa."

Tangu hapo mama mkwe hasemi na mimi. Anaongea na maharage anayochambua, anayaambia kuhusu wanawake wa Kinyakyusa na shule zao. Baba Atu kaenda Mbalizi, anasema kuna mtu anamtafuta. Hakuna mtu anayemtafuta.

Najua nitaitwa mkwe jeuri kwenye ukoo mzima, na litaniuma, sijidanganyi. Lakini mtoto wangu akiniita shangazi, nitamweleza nani?

Leo usiku mlango wa chumba nitaufunga kwa komeo, na Atu atalala bila kunyanyuliwa. Kesho nitamsindikiza mama stendi kwa heshima zote, nitamkatia tiketi, nitampigia magoti kumuaga.

Mtoto nitakuwa nimembeba mimi.