Clifford Haslam: Sahani Haikuvunjika

Mwaka umekatika, Clifford, tangu tulipokuzika hapa Bury, na wanaotuambia tumwachie Mungu watuwie radhi: bado tumekasirika.

Tunakukumbuka ukiosha vyombo mwenyewe kila jioni, ukigonga kila sahani kwa ukucha na kuitegea sikio kama ina ufa. Tunakukumbuka stesheni ya Crewe siku za Jumapili, wasanii wa kumbi zote za maonyesho wakibadilisha treni, nawe ukiwagawia mkate wako wanasarakasi waliokosa kazi wiki hiyo. Ukirudi nyumbani na njaa, unasingizia kwamba umekula njiani.

Kazi yako ilikuwa moja tu maisha yako yote: kuzungusha sahani za marehemu mama yako juu ya fito jukwaani. Mwishoni mwa kila onyesho ulikuwa ukiiacha moja ianguke, roho za watu zikiwa mkononi, kisha unaidaka kwa ncha ya kiatu. Mguu huo uliufunza tangu ujana.

Ndipo watu wa filamu wakakuita London. Walikuwa wakikusanya waimbaji, wachekeshaji na mbwa wanaocheza dansi katika filamu moja, ukaona mambo yamekunyookea. Ulidaka mbele ya kamera asubuhi nzima bila kukosa. Siku ilipoonyeshwa kwetu, mtaa mzima ulivaa kofia za kanisani. Sahani ikaanguka, ukasikika mlio wa vyombo kuvunjika, kisha tukaonyeshwa mama mmoja mnene akicheka. Basi. Ukumbi ukaangua kicheko. Ukaniinamia mimi mkeo, ukauliza, "Edna, mguu wangu uko wapi?"

Kaka yako Harold alimfuata mwongozaji wa filamu. "Mbona mmemkata kabla hajadaka?"

"Watu si wamecheka, mzee? Mnataka nini tena?"

Mshenzi yule!

Tangu hapo, kila mji uliofika ulikuwa umeshakuona kwenye sinema. Watu wa viti vya juu ukumbini walikupigia kelele, "Vunja, babu! Vunja kama ya sinema!" Ukiidaka, wanakuzomea. Meneja mmoja kule Burnley alikushauri uvunje moja kila onyesho, yeye atakununulia za bei rahisi. Ukamjibu, "Mama yangu alikula kwenye hizi. Kavunje za mama yako." Hukupata kazi pale tena, na baadaye hata kwingine. Daktari alisema ni mapafu yaliyokuua. Binti yetu Doreen anasema ni filamu ile, nasi hatumbishii.

Sasa wanairudisha. Itaonyeshwa Jumamosi hii katika sinema ya mtaani kwetu, na wenyewe wametuletea tiketi za bure pamoja na bango: "Njooni mumwone Haslam, mvunja sahani!" Hawana hata haya.

Tutakwenda. Wenye sinema na wasome hapa gazetini, wasije wakasema hatukuwaambia. Mlio ule wa uongo ukisikika, Doreen atasimama juu ya kiti na kuinua sahani yenyewe uliyoidaka, ile ile ya maua ya bluu, kila mtu aione. Haina hata ufa. Tumeigonga.

Ni sisi: mkeo Edna, binti yako Doreen, na kaka yako Harold.

Uliidaka, Clifford. Tutalisema hilo maadamu tuko hai.