Kwako Baba Tabitha, Kuhusu Lile Gari Letu

Kwako Baba Tabitha, huko Kware,

Gari bado liko. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza nimeamkaje. Liko palepale nyuma ya ploti, chini ya kibanda cha mabati tulichojenga pamoja, na juzi nimelibadilishia mpira wa mlango maana vumbi la Kitengela lilikuwa limeanza kuingia hadi kwenye matandiko.

Unakumbuka siku lilipoletwa? Lilivutwa na trekta, magurudumu mawili hayana upepo, na panya wamejenga makazi ndani ya jiko lake. Wale wazee wa Kizungu waliokuwa wanarudi kwao walikwambia limelala nyuma ya nyumba yao miaka mingi, na wewe ukalizunguka ukiligonga gonga kama mtu anayechagua nazi. Jirani zetu walicheka. Waluhya wawili wapangaji, mmoja karani wa kiwanda, mwingine mwalimu wa darasa la nne, hawana hata ng'ombe mmoja, wamejinunulia nyumba ya magurudumu isiyokaa mahali. Mume wa Mama Halima, ambaye lori lake la mifugo lililala nje ya geti letu kila siku, ndiye peke yake hakucheka. Alisema kwao, huko kaskazini mashariki, nyumba inayohama ndiyo nyumba.

Jumamosi zetu zote ziliisha humo. Paa lilivuja kwenye viungo, tukapanda juu kwa ngazi ya kuazima, tukakwangua ile gundi ya zamani iliyokauka kama ugali wa jana, tukapaka silikoni, tukangoja mvua itupe majibu. Mvua ilitupa majibu mabaya mara mbili, ya tatu ikanyamaza. Sakafu ilikuwa imeoza karibu na mlango. Tuliing'oa, tukakata plaiwudi mpya, na kipande cha pembeni ulichokipima wewe kikawa kifupi kwa upana wa kidole, ukanisihi nisimwambie mtu. Mpira wa gesi tuliupima kwa povu la sabuni, mimi nikipaka, wewe ukitafuta kiputo kinapochomoza. Ulinifundisha kusafisha vichwa vya betri kwa maji moto, kupaka springi grisi, kusikiliza injini kabla ya kuifungua. Ukanifundisha na kuendesha, kule mbugani nyuma ya mji kabla haijajaa fensi, huku pundamilia wakituangalia kama wasimamizi wa mitihani. Nikapata leseni. Ulijivuna kuliko nilivyojivuna mimi.

Kazi niliyoipenda zaidi ilikuwa ya breki. Wewe ulilala chini ya gari na chupa yako ya mafuta, mimi nikakaa kwenye kiti cha dereva, mguu kwenye pedali. Uliniambia kanyaga, nikakanyaga. Shikilia. Achia. Hatukuonana, tulisikizana tu, hadi hewa yote itoke kwenye mabomba. Niliwahi kumwambia dada yangu kwamba kama ndoa ni kitu fulani, basi ni kile.

Kisha tukaenda Kona Baridi. Ilikuwa safari yetu ya kwanza ya kweli, mwishoni mwa miaka ya tisini, Tabitha akiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni. Tulisimama pale juu, tukapika chai kwenye jiko letu wenyewe huku upepo ukitikisa mapazia, na watoto wa Kimaasai wakaja wakainamisha vichwa tuwaguse, kwa salamu ya kwao. Tulipoanza kuteremka kuelekea bondeni, pedali ya breki ikazama hadi chini. Bomba moja lililoliwa na kutu lilikuwa limepasuka. Ulishusha gia, injini ikapiga kelele, ukalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo likajibana hapo na kusimama. Hakuna aliyeumia. Ulikaa ukiushika usukani, kisha ukaanza kucheka. Ulicheka hadi nyumbani, na kwa mwezi mzima kila mgeni alisimuliwa jinsi ulivyolituliza gari kama fahali. Nilicheka na wewe. Tukabadilisha mabomba yote ya breki, moja baada ya jingine, na nikadhani yameisha.

Sasa nije kwa Mama.

Mama alipokuja kutoka Webuye, miaka kadhaa baadaye, na kukaa kwa kaka yangu Athi River, alikuja kwa ajili ya macho. Daktari alituambia ni presha ya macho, kwamba dawa itachelewesha tu, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Siku chache baadaye Mama akaniambia kuna kitu kimoja alichokuwa anataka kukiona kabla pazia halijashuka: mlima wenye theluji. Alikuwa ameuona kwenye kalenda maisha yake yote. Wewe ndiye uliyesema, bila kuombwa, kwamba tutampeleka Illasit, kule mpakani mlima unapokuwa kama ukuta wa jirani, na kwamba atauona akiwa kitandani, amefungua dirisha.

Ulikuwa na kisingizio tayari, kama ungekitaka. Kwetu mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja, na wazee wangeshangaa kama hungekataa. Lakini wewe ukasema utalala nje kwenye hema, na Mama akacheka, akasema gari si nyumba, ila hema ni sawa pia. Ulimpa mama yangu tarehe ya Pasaka, Baba Tabitha. Alifunga begi lake wiki nzima kabla.

Pasaka ile gari halikuwaka. Mama alikuwa ameshaketi ndani, leso kichwani, viatu vya kanisani. Ulifungua, ukachunguza, ukakuta waya wa betri umelegea. Nani aliufunga? Mimi, jana yake. Hukunigombeza. Ulinishika bega ukaniambia nisijilaumu, kila fundi husahau, tutaenda Agosti. Nilikuuliza kwa nini tusiondoke sasa, waya si umekazwa. Ukasema saa zimekwenda, na huwezi kulala njiani na mzee.

Agosti tuliondoka. Hatujafika Konza, moshi mweupe ukajaa mbele ya kioo: mpira wa maji ulikuwa umechomoka kwenye rejeta na maji yote yamemwagika. Klipu ya kuubana mpira huo niliifunga mimi. Mama aliketi kando ya barabara, chini ya mgunga, akiangalia upande ambao mlima ungekuwa, na nikaona kwamba tayari anageuza kichwa chote ili aone kitu cha pembeni. Lori la mume wa Mama Halima lilitoka Emali na ng'ombe, likatuvuta hadi nyumbani. Njiani ulinishika mkono. "Usijilaumu," ulisema tena. "Wewe ni mwalimu, si mekanika. Ni mimi nilikuachia kazi kubwa."

Nataka ujue kilichonipata baada ya hapo. Niliacha kushika spana. Mwaka mzima, kila Jumamosi, nilikuletea chai na kusimama mlangoni kama mgeni. Niliogopa mikono yangu. Nilikuwa nikifunga gesi ya nyumbani nakwenda kulala, naamka kuangalia kama nimefunga. Mama aliuliza lini tutakwenda, kisha akaacha kuuliza, na nilijua ni kwa sababu alikuwa akinionea huruma. Wewe uliyaona yote hayo. Ulikuwa ukinibembeleza.

Safari ya tatu tuliipanga Desemba ya mwaka uliofuata. Asubuhi ile niliamka kabla yako, nikaingia garini nipange kitanda cha juu, kile kilicho juu ya viti vya mbele, kwa sababu Tabitha ndiye angelala huko. Pazia lilikuwa limefungwa, limeacha ufa mdogo tu wa kuchungulia. Nikasikia mlango wa dereva. Nilitaka kukuita, nikaona una haraka, nikanyamaza ili nisikushtue. Ukakifungua kifuniko cha injini, pale kati ya viti viwili, karibu kabisa chini yangu. Ukabandua kikombe cha distributa. Ukachomoa rota, kale kadude kadogo ka plastiki kanakogawa moto kwa plagi. Ukakaingiza kwenye mfuko wa sweta. Ukafunika kila kitu vizuri, ukapangusa vidole na kile kitambaa changu cha jikoni, ukatoka.

Nilibaki juu ya kile kitanda. Sikulia. Nilikuwa nahesabu nyuma: waya, klipu.

Tukanywa chai. Ulikunywa vikombe viwili, ukamsifia Tabitha mandazi. Kaka akamleta Mama, tukamwingiza, tukampa mto. Ukajaribu kuwasha. Injini ikalia, ikalia, haikushika. Ukaniita kwa ile sauti ya upole.

"Mama Tabitha, hebu njoo. Jana uligusa nini hapa?"

Nikaja. Nikasimama karibu na wewe, nikuone uso. Ulikuwa umeinama unatafuta, na ulikuwa unatafuta kwa bidii kweli, unafuata waya mmoja mmoja. Mtu asiyejua angekuonea imani.

"Iko mfukoni mwako," nikasema.

Hukugeuka. Mkono ulisimama tu. Mama alikuwa nyuma yetu kitandani, kwa hiyo niliongea kwa sauti ya chini, na ninashukuru kwamba hakusikia, au alijifanya hakusikia. Ulishuka ukaenda nyuma ya kibanda, nikakufuata. Nilidhani utanipa sababu kubwa. Nilikuwa nimeshafikiria mwanamke, nimefikiria mizimu, nimefikiria kwamba unamchukia Mama. Ukasema tangu Kona Baridi mguu wako ukigusa ile pedali unahisi inazama. Hata ukienda hapo kituo cha petroli tu. Hata breki zikiwa mpya. Ukasema hukuweza kufungua mdomo kuniambia, kwa sababu watu wote wa Kitengela wanakuita dereva.

"Mimi niko na leseni," nilikwambia. "Ungesema unaogopa, ningeendesha."

Ukanijibu kwamba nimekuaibisha.

Bado nalizungusha neno hilo. Nani mwingine alikuwa pale nyuma ya kibanda? Ulikuwa na woga, na woga si dhambi; mimi naogopa nyoka, naogopa hospitali. Lakini uliuchukua woga wako ukauweka mikononi mwangu, ukauita uzembe wangu, kisha ukanifariji nao. Hilo ndilo nisiloweza kulimeza. Ungekuwa umenipiga ningejua pa kupaka dawa.

Safari haikufanyika siku hiyo. Ulinipa rota, ukaingia nyumbani, na kabla ya Krismasi ulikuwa umehamia kwa ndugu yako hapo Kware, kwa muda, ulisema, hadi nitulie. Nilikuwa nimetulia. Nilikuwa nangoja neno moja kutoka kwako, nawe ukawa unangoja nitulie, na miaka ikapita katikati.

Nilichelewa kulirudia gari kwa sababu sikujua tena lipi liliharibika lenyewe na lipi uliliharibu. Ile pampu ya maji iliyokufa mwaka wa kwanza, ilikufa kweli? Taa za nyuma? Ikanibidi nianze upya kutoka paani hadi matairi, peke yangu, nikishika kila skrubu kama shahidi anayehojiwa. Tabitha alinikalia kwenye pedali tulipotoa hewa kwenye breki. Nilikuwa chini, nikamwambia kanyaga, shikilia, achia, kama ulivyokuwa ukiniambia wewe.

Lilipokuwa tayari, macho ya Mama yalikuwa yamekwisha kupofuka.

Nilimpeleka hata hivyo. Niliendesha mimi, kupitia Emali, tukala vumbi la ile barabara mbovu hadi Loitokitok na kuipita, na hakuna kilichochomoka. Asubuhi yake pale Illasit mlima ulikuwa wazi wote, mweupe juu, mkubwa kuliko nilivyojitayarisha. Tabitha alianza kumweleza bibi yake, rangi ya theluji, wapi inaishia, akakwama katikati ya sentensi akatoka nje. Mama akaomba nimwonyeshe gari. Nikamshika mkono, akapapasa bomba la maji, bawaba za kabati, ukingo wa meza, sakafu hata, aliinama akaigusa kwa kiganja. Akaufungua mfereji na kuufunga mara nyingi.

Kisha akasema, "Mkwe wangu ana mkono mzuri. Mwambie nimeshukuru sana kwa gari."

Nilikuwa nimemwambia uko kazini. Vitu vyote alivyovigusa pale nilikuwa nimevitengeneza mimi, mara ya pili, bila wewe. Nilifungua mdomo nimwambie. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani, mahali penyewe hasa mlima ulipokuwa, na ulikuwa umeridhika. Nikasema nitakwambia.

Sikukwambia. Mama yuko Webuye sasa, amenunuliwa simu, na kila nikimpigia ananiuliza kama nilifikisha. Namjibu kwamba mtandao wa Kware ni mbaya, kwamba umesafiri, kwamba uko na shughuli. Nimechoka kusema uongo kwa ajili yako, nao ndio uongo pekee uliokuwa wako nikaubeba kama wangu. Ndiyo maana nimekaa leo mezani humu humu garini nikaandika.

Basi pokea: mama mkwe wako anakushukuru kwa gari.

Salamu zake zimekufika. Zangu bado sijazituma.

Ni mimi,
Mama Tabitha
Kitengela