Mwenye Jina Letu

Mjukuu wangu Mwaka,

Salamu zako zimetufikia hapa Msambweni. Sote hatujambo, na babu yako bado anakuita mkewe.

Umeniuliza maana ya jina letu. Baba aliniambia nilizaliwa siku ya mwaka, mwaka mpya wa Waswahili. Shangazi naye akasema ni kwa sababu ya mvua nyingi za mwaka ule. Niliamini yote mawili. Kisha, nikiwa mwari, mama alinipeleka matangani katika kijiji cha Waa, nikasikia wanawake wakilia, “Mwaka ametutoka!” Mimi si huyu hapa?

Mama akaninong'oneza, “Huyo ndiye aliyekunyonyesha nilipokuwa mahututi. Jina ni lake.”

Uso wake siukumbuki, mwanangu. Hadi leo nikiitwa hushtuka kwanza, ndipo huitika.

Nawe ukiitwa huko, itika vizuri.

Bibi yako,
Mwaka wa pili