Kiduara cha Mpanda Farasi

Jumanne, 1 Julai 1975
Nimemaliza riwaya ya tano tangu nihamishiwe Mtwara. Ovyo. Kurasa mia mbili, shujaa anampenda binti wa jirani na hasemi. Anakaa dirishani. Anakohoa. Ningekuwa mimi ningesema ukurasa wa tatu, watu tukapumzika. Bandarini hakuna kazi mpaka msimu wa korosho. Nasoma chini ya meza, mkuu wangu anasinzia juu ya yake.

Jumapili, 6 Julai
Baada ya misa nimekwenda Mtawanya kwa Rosa, mshonaji. Mwezi wa nne huu naenda kila Jumapili na nguo isiyo na tatizo. Leo kifungo nilikikata mwenyewe. Mjomba wake kamletea katuni nyingine kutoka kwao, ng'ambo ya Ruvuma. Maneno yote ya Kireno. Rosa huweka kidole kwenye vile viduara vya maneno, ananisomea kwa Kiswahili. Ya leo ni ya mpanda farasi anayemkimbia mama mkwe. Nimecheka mbavu zikauma. Riwaya zote ninazoazima Mikindani hazioni ndani.

Jumatano, 9 Julai
Riwaya ya upelelezi. Muuaji nilimjua mapema, mwandishi kavieleza mno viatu vyake. Sikumaliza. Siwezi kutulia. Mara tatu gatini na kurudi, bila sababu. Nchi ya kina Rosa imepata uhuru wiki mbili hizi, familia zinafunga mizigo. Sijamuuliza. Sitaki kujua.

Jumapili, 13 Julai
Nimemuuliza. Mjomba anataka warudi mwezi huu huu. Yeye hajaamua, alisema, akaniangalia. Nikamwambia nasikia kule ardhi ni nzuri. Ardhi! Nikakimbilia katuni. Sehemu ya pili, mama mkwe kamteka farasi. Nimeiazima.

Jumanne, 15 Julai
Nimejitafutia. Katuni nilimwonyesha Mzee Anselmo, mlinzi wa gati, aliyesoma shule ya Wareno. Akasoma polepole, miwani puani. Hakuna mama mkwe. Yule bibi ni mwenye hoteli, na mpanda farasi anatafuta ng'ombe walioibwa. Ukurasa baada ya ukurasa, ng'ombe. Kumbe Rosa hajui Kireno hata kidogo, anatunga. Miezi minne ananifanya mtoto. Nimekasirika, na kazi ya kunisahaulisha hakuna.

Alhamisi, 17 Julai
Sikungoja Jumapili. Nilimrudishia katuni yake na kumsomea mashtaka mbele ya mjomba, utadhani mimi hakimu. Hakukana. Kusoma kajifunzia kisomo cha watu wazima, Kiswahili tu. Akasimamisha cherehani.
"Bwana Karani, kwani hapa ulikuwa unafuata Kireno?"
Jibu nilikuwa nalo. Nikaaga.

Jumapili, 20 Julai
Sikwenda. Riwaya mbili kwa siku moja, sikumbuki jina la mtu hata mmoja. Mashati yangu yote yana vifungo.

Jumatano, 23 Julai
Wameondoka jana. Kaniambia Mzee Anselmo, kama anayesema mvua haikunyesha. Cherehani imebaki kwa jirani yao, mjomba atarudi kuichukua Jumamosi. Naumwa na hakuna panapouma. Yule mpumbavu wa kukohoa dirishani nilimcheka bure. Yeye angalau alikohoa.

Ijumaa, 25 Julai
Jirani kaniletea ile katuni, aliachiwa anipe. Rosa amebandika karatasi juu ya kila kiduara na kuandika kwa penseli, herufi kubwa kubwa za kisomo. Mama mkwe yumo mle mwote. Si uongo, ni hadithi bora kuliko zote nilizosoma mwezi huu, na mwandishi wake nilimwita mwongo mbele ya watu. Picha ya mwisho, bibi yuko mlangoni, mpanda farasi yuko juu ya farasi. Bibi anasema: "Najua vifungo unavikata mwenyewe." Kiduara cha mpanda farasi kimebandikwa karatasi. Hakina kitu.
Nimeomba likizo. Mkuu alitia saini bila kufungua macho vizuri.

Jumamosi, 26 Julai
Kiduara ni kidogo. Niliandika, nikafuta, karatasi ikaanza kutoboka. Mwishowe maneno matatu. Mjomba alipofika kwa jirani nikamkabidhi katuni ampelekee Rosa. Akaifungua picha ya mwisho, akaitazama sana. Hajui kusoma. Akataka nimsomee yule mtu wa farasi anasema nini.
Nikamsomea. "Nakupenda. Nakuja kuposa."
Akakunja katuni, akaitia kwapani. Akasema kwao anayeposa huja kwa mjomba, kwa hiyo nusu ya safari nimeshaimaliza. Kisha akasema nyuma ya lori kuna nafasi, nikae upande wa cherehani niishike isirukeruke.
Naandika haya mtoni Ruvuma. Mtumbwi bado uko ng'ambo. Cherehani iko kati ya magoti yangu, na sikubeba riwaya hata moja.