Mke Wangu Ameuanika Ukuta Wangu Darasani

Mshauri mpendwa,

Nisaidie kabla sijapasuka, maana yamenifika shingoni na hata chai ya asubuhi siku hizi hainishuki. Mimi ni fundi mwashi, nimeshika mwiko tangu sijaota ndevu, nyumba zangu ziko karibu kila mtaa wa mji huu na watu wananiita Fundi Timazi kwa sababu mstari wangu haupindi, na mke wangu ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa tatu, anasomea uhandisi wa ujenzi pamoja na sayansi ya mazingira, na ruhusa ya kwenda huko nilimpa mimi mwenyewe kwa mdomo wangu huu, watoto walipokua, nikidhani atarudi anisaidie kusoma ramani na kuongea na wateja wenye tai.

Kumbe nilikuwa najiletea mkaguzi chumbani. Alianza taratibu, akaniuliza mchanga nautoa wapi, nikamwambia mtoni kama kila mtu, akanieleza jinsi kingo za mto zinavyoliwa mpaka chakula kikapoa mezani. Mara akaanza kuja saiti, anagonga matofali kwa kidole, anauliza zege limemwagiwa maji vya kutosha au limeachwa likauke na jua, na haya yote mbele ya vibarua wangu, nao wanajifanya wanakohoa. Huko chuoni wenzake ni watoto tu, wanamwita Shangazi, naye anaitika kwa furaha ambayo mimi nikimwita Mama Watoto siioni.

Sasa kisa chenyewe. Nina mteja, mwenye duka la vifaa vya umeme, amenunua kiwanja cha mteremko akataka kisawazishwe apate pa kuegesha magari, nami nikakata miti iliyokuwa pale juu, nikasawazisha, nikamjengea ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, mrefu kunipita hata nikinyoosha mkono, kazi safi ya kupigia picha. Mke wangu akaja akasimama mbele yake, akautazama kama anayemtazama mgonjwa.

"Baba Watoto, maji yatatokea wapi?"

"Maji gani?"

"Ya mvua. Yakiingia nyuma ya ukuta yatakaa hukohuko yausukume. Jaza kokoto nyuma, acha matundu chini upumue."

Nikamwambia, "Ukuta wenye matundu ni banda la kuku." Vibarua walicheka sana siku hiyo, na mimi nilijisikia vizuri. Akasema na ile miti ndiyo iliyokuwa imeshika udongo, nikamjibu kwamba sijawahi kusikia mti umeajiriwa kushika kitu. Akarudia tena nyumbani, na safari nyingine akaja na mchoro kabisa, nikamwambia, "Fanya utakalo huko chuoni kwako, lakini usinifundishe kazi iliyokulisha."

Basi "fanya utakalo" akaichukua kama kibali.

Wiki jana akaniambia anawasilisha mradi wake mbele ya walimu, wenzake wataleta wazazi, yeye ana mimi. Mshauri, nilifurahi! Nikapiga pasi suti niliyooa nayo, nikawahi kiti cha mbele kabisa, nikamsalimia mwalimu wake, mama mmoja wa miwani, nikamwambia mimi ndiye mume. Taa zikapunguzwa. Picha ikatokea mbele yetu, kubwa kama lango, na ni ukuta wangu! Tena wamepiga upande wa chini, pale ulipotokeza kidogo kama tumbo la mtu aliyeshiba. Na mke wangu, kwa sauti ileile anayoniulizia kama sukari imekolea, anasema, "Huu ni mfano wa ukuta uliojengwa bila njia ya maji. Aliyeujenga ni fundi hodari, mpangilio wake wa mawe ni mzuri kuliko wa majengo mengi mnayoyaona, ila hakusikiliza."

Hakunitaja. Hilo siwezi kumsingizia, hakuna mtu mle ndani aliyejua. Lakini kijana mmoja nyuma akacheka, damu ikanipanda kichwani, nikajikuta nimesimama na suti yangu, "Huo ukuta ni wangu! Na wewe ni mke wangu!"

Vichwa vyote vikanigeukia. Kisha yule mama wa miwani akasema kwa upole, "Karibu sana, fundi. Tunaweza kukuuliza maswali?" Nikatoka nikipamiana na viti.

Nyumbani nikamwuliza amenifanyia nini. Akanijibu huku akivua viatu, wala hakuinua uso: "Nilikwambia kwa mdomo, nikakwambia kwa mchoro. Ulitaka nikwambie kwa lugha gani?" Tangu hapo hatuongei ila mambo ya funguo na watoto. Mafundi wenzangu wameshapata habari, naitwa Fundi Tumbo. Na hakuishia hapo, amekwenda kwa mama mmoja mjane, muuza mitumba, ambaye nyumba yake iko chini ya ule ukuta, jiko lake limeuegemea kabisa, akamwambia ahame kabla mvua hazijakolea, yule mama akanipigia simu analia, nikamwambia atulie, ukuta ni wa Timazi.

Nisichojua ni hiki, mshauri: nimwachishe chuo, ingawa amebakiza mwaka mmoja? Au arudi aniombe radhi palepale ukumbini, mbele ya wale watoto? Kaka yangu mkubwa anasema fahali wawili hawakai zizi moja. Namba yangu nimeiweka hapa chini, naomba isichapwe.

Ni mimi, mume aliyevunjiwa heshima.

*

Fundi,

Wasomaji wangu wanajua kwamba sina mazoea ya kumpigia mtu simu. Barua hungoja zamu yake. Yako niliisoma nikitikisa kichwa mpaka nilipofika kwa yule mama mjane, nikaweka kikombe chini nikatafuta miwani niione namba yako vizuri. Wewe unajua tulichoongea, lakini wasomaji hawakuwepo, na wana haki ya kusikia.

"Fundi," nilikuuliza, "yule mama yuko wapi sasa hivi?"

"Mama yupi?"

"Wa chini ya ukuta."

"Si yuko kwake? Lakini dada, hujanijibu la mke wangu."

"Mvua inanyesha huko?"

"Inanyesha tangu asubuhi."

"Nenda kamtoe."

"Dada, nitaonekanaje? Juzi tu nimemwambia atulie."

Hapo nilikupigia kelele mpaka wenzangu ofisini wakageuka, na kelele zile sitaziombea radhi. Ukakata simu. Sikujua kama umekasirika au umekwenda.

Uliponipigia tena siku ya pili, sauti yako ilikuwa ya mtu mwingine. Ulinieleza kwamba ulimkuta mkeo ameshafika, amevaa mabuti yako ya saiti, anatoa masufuria ya yule mama na kuyapeleka kwa jirani. Hakukulaumu. Alikutazama, akakukabidhi godoro, ukalibeba. Mvua ilipopungua mkachimba mfereji juu ya kiwanja kuyageuza maji, ndipo akakwambia utoboe tundu chini ya ukuta, usimame kando, usisimame mbele. Ulipochomoa jiwe, maji ya matope yakaruka mpaka ng'ambo ya uchochoro, yakatoka, na yakazidi kutoka. Ukaniambia, "Dada, sikujua yamejaa kiasi kile."

Ulijua, fundi. Uliambiwa. Usiniletee "sikujua" hapa.

Sasa nikujibu uliyoniuliza. Kwanza pole, na nasema kweli. Kuchekwa hadharani na watoto wasiojua hata uzito wa mfuko wa saruji kunauma, na mtu aliyejenga jina lake jiwe kwa jiwe lazima aumie zaidi. Na wewe Shangazi, najua unasoma hapa: ukimwalika mumeo kwenye sherehe yako, usimfanye yeye kitoweo. Ungemwambia mapema picha ni ya wapi. Angekataa kuja, sawa, lakini angekataa akiwa nyumbani kwake, hana suti, hana watu.

Lakini fundi, mkeo alikuficha. Alikusifu mbele ya walimu wake, akasema wewe ni hodari, akalimeza jina lako. Aliyesimama akalitaja ni nani? Halafu unataka yeye ndiye aombe radhi? Na tazama barua yako mwenyewe: suti umeipiga pasi, kiti umekichagua, kicheko umekisikia mpaka kilikotokea, na binadamu aliyekuwa akipika chini ya mawe yako umempitia mbio mwishoni kama mtu anayesahau mwavuli. Hiyo ndiyo uliyotaka kuiita heshima?

Kaka yako mwambie methali yake airudishe kwa wafugaji. Mkeo si fahali, na hakuna aliyekuwa anagombea zizi. Alikuwa anakukinga usije ukaitwa muuaji.

Chuo haachi. Hilo usiliguse, usilizungumze na mtu, usilitaje hata kwa mzaha ukiwa umeudhika. Yule mama asirudi kwenye ile nyumba kwa sababu tu jua limewaka. Mkaribisheni kwenu, na jiko lake wewe ndiye utakayelihamisha ulijenge mbali na mteremko, kwa mikono yako. Kwa mwenye duka nenda mwenyewe, leo, kabla hajasikia mtaani, umwambie ukuta una kasoro na kasoro ni yako, unashushwa na kujengwa upya. Atafoka. Mwache afoke, wewe ungefoka zaidi. Akikufukuza, nenda tena kesho. Na juu kule mlikokata miti, pandeni mingine, msingoje ukuta ukamilike.

Mafundi wenzako wakikuita Tumbo, itika. Jina la kutaniwa halijawahi kumwangukia mtu jikoni.

Na kwa mkeo, sikutumi ukapige magoti wala ukanunue khanga. Chukua ule mchoro uliokataa kuutazama, kaa naye mezani watoto wakiwa wamekwenda shule, umwulize ukuta mpya uwe na unene gani, kokoto zijazwe mpaka wapi, matundu yaachwe wapi. Mwulize kama unavyomwuliza mhandisi.

Kisha nyamaza, Fundi Timazi, mpaka amalize kujibu.